Taa Ikirudi Inawaka

Tuliomba chakula, tukapewa taa.

Sifanyi mzaha. Lori jeupe lilifika asubuhi kambini kwetu, nje kidogo ya Baidoa, na wanawake wakajipanga foleni na masufuria, mabeseni, wengine wametandaza ncha za mitandio yao. Turubai lilipofunuliwa tukaona maboksi, na ndani ya maboksi taa ndogo za plastiki, duara kama visahani, zinazokula jua mchana na kutoa mwanga jioni. Kijana mwenye fulana ya shirika alisema, huku anaangalia viatu vyake, kwamba chakula kiko njiani ila fungu la taa ndilo lililotangulia. Mama mmoja akamwuliza, "Sasa hii, mwanangu, inamenywa au inaliwa na maganda yake?" Tukacheka. Tulicheka mpaka wengine wakalia.

Nurto hakucheka. Alikuwa amesimama na sufuria kichwani na binti yake Sahro mgongoni, na alipopewa taa aliigeuzageuza kama mtu aliyerudishiwa chenji ya noti bandia. Kisha Gedow, mwenyekiti wa kambi, akapita kuchukua chake. Shamba tulilojengea vibanda ni la mjomba wake, kwa hiyo kila kinachoingia lazima kimpitie mkononi. Mchele ukija anachota, mafuta yakija anamimina. Siku hiyo alikusanya taa.

"Wewe Nurto nimekuruka," alimwambia. "Ushukuru."

"Nashukuru, mwenyekiti," Nurto akasema, na kweli alishukuru. Hapo ndipo tulipokuwa tumefika.

Kutoka kwenye foleni alikwenda moja kwa moja kituo cha lishe. Muuguzi akamvisha Sahro utepe wa kupimia lishe mkononi, utepe ukasimama kwenye nyekundu. Mtoto wa miaka mitatu, mkono wake ungeweza kuupitisha kwenye pete ya bibi arusi.

"Pakiti za karanga zimekwisha," muuguzi akasema.

"Zinakuja lini?"

"Dada yangu, usiniulize mimi. Hata mshahara wangu unakuja nazo." Alimfungua Sahro utepe polepole. "Anaomba chakula?"

"Alikuwa anaomba. Siku hizi amenyamaza."

Muuguzi akaacha alichokuwa anafanya. "Nisikilize. Mtoto anayeomba bado yupo na sisi. Anayenyamaza ndiye wa kuogopa. Mtafutie uji, hata wa kuazima. Mtafutie leo."

Uji wa kuazima! Angeazima kwa nani? Katika kambi nzima, siku hiyo, kilichokuwa kingi ni taa.

*

Kibandani alimkuta mama mkwe wake, Owliyo, amekaa mlangoni anasokota kamba. Owliyo alikuwa na jicho moja lililofunikwa na ukungu na jingine lililokuwa njiani kwenda huko huko. Mwanawe Derow, mume wa Nurto, alikuwa mjini na toroli la kukodi, anasubiri mtu mwenye mzigo, na mjini siku hizi watu wenye toroli ni wengi kuliko mizigo.

Nurto alimlaza mtoto kwenye mkeka. Sahro akafumbua macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, mtama umeamka?"

"Mtama gani, mwanangu?"

"Uliolala chini ya mbuzi. Bibi amesema umelala. Ukiamka tutakula."

Kamba ilisimama mikononi mwa Owliyo. Nurto aliiona ikisimama.

Kwetu sisi mtama hauwekwi darini. Unauchimbia shimo lenye shingo nyembamba na tumbo pana, unaumwaga humo, unafunika kwa mabua na udongo, nao unakaa miaka bila kuharibika. Wenye bunduki wa msituni walipoingia kijijini kwetu Bulo Garas kudai zaka ya tatu mwaka ule ule, na mvua nayo ikawa imekataa, kila nyumba ilikimbia na ilichoweza kubeba. Njiani Owliyo alimwapia mwanawe na mkwewe kwamba shimo lao limebaki vumbi tupu.

"Mama," Nurto akasema, "shimo la zizini lilikuwa tupu?"

"Tupu."

"Uliapa."

"Niliapa."

"Basi mtoto ameujulia wapi mtama unaolala?"

"Ni maneno ya kumlaza mtoto. Hujawahi kubembeleza mtoto wewe?"

"Mama. Niangalie."

Owliyo alimwangalia kwa jicho lililobaki. Halafu maneno yakamtoka upesi upesi, kama mtu anayetapika. "Limejaa. Limejaa mpaka shingoni. Nililiziba mwenyewe, karatasi ya nailoni mara mbili, juu yake udongo, juu yake samadi. Mchwa haingii, hewa haiingii, na mbuzi walilala juu. Haya! Umefurahi?"

Nurto alibaki ameshika sufuria tupu kwa mikono miwili. Miezi yote hiyo wanaparuza masufuria ya wauza chai mjini, wanafukuzwa kama mbuzi, na mtama wao umelala salama usalimini.

"Ulijua," alisema. "Umemwona akipungua kila siku, na ulijua."

"Na wana wa Hassanow walilirudia shimo lao, wako wapi? Si walirudishwa wawili kwa shuka moja? Mtu wa msituni akimwona Derow na gunia atasema, kumbe mlificha zaka, na hataongeza neno la pili. Nimezaa watano, Nurto. Amebaki huyu."

"Na mimi ninaye nani? Si Sahro?"

"Wewe bado unazaa."

Ndivyo alivyosema. Tulisikia sote, maana ukuta wa kambi ni matambara, na majirani tuliokuwa tunajifanya tunachambua kuni tuliacha kujifanya. Wallahi, hata kuku angekuwepo angenyamaza.

"Mla wajukuu!" Nurto akapiga kelele. "Mla wajukuu wewe! Tangu leo usiniite, nami sitakuita!"

Wakati huo Derow alikuwa amesimama nyuma yao, toroli mkononi, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Uso wake ulikuwa umesawijika. Hakumfokea mama yake. Aliliegemeza toroli taratibu, akauliza, "Ulifunika kwa nailoni, mama? Basi hata mbegu itakuwa nzima."

*

Jirani yao Kerow alikuwa na punda. Alikuwa amemwita Waziri, kwa sababu, alisema, anakula bila kufanya kazi na ukimwuliza jambo anageuza kichwa. Derow alimwahidi nusu ya mtama. Kerow alijikuna shingo.

"Na nikifa, nusu yangu atapewa nani?"

"Waziri."

"Huyo? Atahamia upinzani siku hiyo hiyo," Kerow akasema, wakacheka wote wawili, na kwa kicheko hicho tukajua wamekubaliana.

Walipanga kupita mbali na vizuizi, kwenye korongo kavu, wafike alfajiri, wapakie, watoke kabla pikipiki za watu wa msituni hazijaanza mizunguko yake. Waliondoka jua likiwa linateremka. Nurto alimfungia mumewe chupa ya maji. Alimpa Sahro amkumbatie, na Derow akamnusa mtoto kichwani, akamrudisha.

"Usirudi na maneno," Nurto akamwambia. "Rudi na mtama."

Owliyo alimfuata mwanawe mpaka nje ya vibanda, mkono mmoja begani kwake kwa sababu ya macho. Alikuwa ametoka kushindwa, na mtu aliyeshindwa hutaka angalau aelekeze.

"Ukilifungua, usishuke. Liache lipumue."

"Najua, mama."

"Hujui. Limefungwa muda mrefu, na shimo lililofungwa muda mrefu lina mwenyewe. Liache wazi mpaka alasiri."

"Mpaka alasiri tutakuwa tumeshakamatwa."

"Basi teremsha taa kwanza. Babu yako alikuwa anasemaje?"

Derow alitabasamu, akaimba kama wanavyoimba watoto wa kwetu. "Taa ikirudi inawaka, mwenyewe ameridhia, shuka. Taa ikirudi imekufa, mwenyewe amekasirika, kaa."

"Haya. Umechukua taa?"

"Nimechukua, mama."

Na alikuwa amechukua kweli. Ilikuwa imefungwa kwenye mshipi wake. Nilimwona mimi, na wewe ungekuwepo ungemwona, na usingesema kitu. Kila mtoto wa mkoa wetu wa Bay anaijua taa ya shimo. Ila tunaijua kama mtu anavyoijua dua asiyoelewa maana yake, mdomo unatangulia.

*

Kwa siku zile walizosubiri, wanawake wawili hao waliongea kupitia kwa mtoto.

"Sahro, mwambie bibi yako maji yako kwenye dumu."

"Sahro, mwambie mama yako nimeshayaona, sijawa kipofu bado."

Sahro hakumwambia mtu chochote. Alilala kati yao, macho wazi, inzi wakimtua mdomoni naye hawafukuzi. Owliyo ndiye aliyewafukuza, kwa ncha ya mtandio, tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mkono ukichoka alibadilisha mwingine.

Nurto alikwenda mjini na sufuria. Katika hoteli ya chai karibu na soko alimwomba mwenye hoteli ukoko wa chungu cha jana. Mwenye hoteli alikuwa mtu wa pwani, wala si mtu mbaya, lakini alikuwa na wateja wa kuwachekesha.

"Sema tena, dada, sijasikia. Unaongea kama una kiazi mdomoni."

Nurto akasema tena, kwa lugha yetu ya mashambani.

"Jamani, mnaelewa huyu? Sema kama watu, nitakupa."

Akasema mara ya tatu, kwa lugha ya mjini, akiibananga, na wateja wakaangua kicheko. Akapewa ukoko. Alirudi nao ameukumbatia, akauloweka, akausaga kwa vidole, akamlisha mtoto. Sahro akaushikilia mdomoni muda mrefu, kisha ukamtoka pembeni, kwenye mkeka. Nurto akaukusanya tena kwa kidole. Owliyo alisikia mkwaruzo wa kidole kwenye mkeka, akageuza uso ukutani.

"Sahro," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie mama yako baba yuko njiani."

Jioni ile Nurto, akipakua tone la maji ya ukoko lililobaki, alikisogeza kikombe kwa mguu mpaka karibu na mkono wa mkwewe, bila kuangalia.

*

Tuliyemwona kwanza ni Waziri. Alikuja adhuhuri kutoka upande wa korongo, magunia mawili huku na mawili huku, miguu inamtetemeka. Watoto wakakimbia wakipiga kelele, "Mtama! Mtama!" Kambi ikatoka. Mwenyekiti Gedow naye akatoka, anafunga shuka yake vizuri, na macho yake yakaenda kwenye magunia kabla hayajaenda kwa watu.

Nyuma ya punda alikuwa Kerow. Nyuma ya Kerow hapakuwa na mtu.

Nurto alisimama pale pale alipokuwa. Owliyo hakuweza kuona mbali, kwa hiyo alikuwa bado anatabasamu. "Amefika? Si nimesikia punda? Derow! Derow, mwanangu, mbona husalimii?"

Kerow akaja mbele yake, akachuchumaa, akavua kofia.

"Mama."

"Huyo ni Kerow. Derow yuko wapi?"

"Mama, Mungu amemchukua."

Owliyo alikaa chini, wala si kwa kuanguka. Alikaa kama mtu aliyeambiwa karibu kiti. "Walimpiga wapi?" aliuliza. "Kifuani? Mgongoni?"

"Hakupigwa, mama. Hatukuonana na mtu yeyote. Si kwenda, si kurudi. Bulo Garas hakuna hata mbwa."

"Hakupigwa?"

"Ni shimo, mama."

Sisi sote tulikuwa tumejiandaa kwa risasi. Kwa risasi tunajua la kusema.

Kerow alisimulia huku anaitazama kofia yake. Walifika alfajiri. Waliondoa samadi, wakachimba, wakachana nailoni, kukatoka harufu kali kama ya pombe. Jua lilipochomoza walisikia kitu kama ngurumo ya pikipiki, mbali. Derow akasema hakuna muda wa kungoja alasiri. "Nilimwambia, ndugu yangu, ngoja kidogo. Akaniambia, Sahro hangoji."

"Aliteremsha taa?" Owliyo akauliza.

"Aliteremsha, mama. Naapa. Aliifunga kwenye kamba akaiteremsha mpaka chini kabisa, akaiacha, akaimba ule wimbo. Ilirudi inawaka. Hata mimi nikasema, haya, mwenyewe ameridhia. Akashuka. Alijaza kikapu kimoja nikakivuta. Nikarudisha kikapu, nikamwita. Nikamwita tena. Nikaona amelala juu ya mtama, ubavu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi."

"Ilirudi inawaka," Owliyo akarudia.

"Inawaka, mama. Wallahi."

"Haiwezekani. Mwenyewe hadanganyi." Akanyoosha kiganja. "Taa gani, Kerow?"

Kerow hakuelewa swali. Alipapasa mfukoni mwa shati, akaitoa, akaiweka kwenye kiganja cha bibi kizee. Kisahani cha plastiki, chenye kamba ya kuning'inizia. Owliyo akakipapasa huku na huku, akitafuta utambi, akitafuta kioo, akitafuta mahali moto unapokaa. Kidole chake kikagusa kitufe. Taa ikawaka, mchana kweupe.

Akakibonyeza tena. Ikazima. Akakibonyeza, ikawaka.

"Hii haina moto," alisema.

"Ndiyo, mama. Ni ya jua. Ni zile za lori."

"Haina moto! Mwenyewe atazima nini hapa? Atazima nini?" Sauti yake ilipanda mpaka watoto wakarudi nyuma. "Mimi nilimwambia taa. Ningemwambia moto! Yeye alinitii. Nilisema taa, akachukua taa. Ningesema moto!"

Hata Gedow alikuwa ameinamisha kichwa.

Kerow alimaliza yaliyobaki haraka. Alitaka kushuka kumfuata, akaona na yeye atalala pale pale. Alingoja mpaka alasiri, shimo lipumue. Aliwasha majani makavu akayatupa ndani, hayakuzimika, ndipo akashuka. Alimtoa Derow kwa kamba na Waziri, akamwosha kwa maji ya chupa, akamsalia peke yake, akamzika hapo hapo zizini. Pikipiki hazikuja kamwe. Hajui hata ile ngurumo ilikuwa nini.

"Halafu nikashuka tena," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Nikajaza magunia. Alikuwa amelalia ule mtama, nami nikauchota. Nihukumuni mnavyotaka. Nusu yangu siitaki."

"Utaichukua," Nurto akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Aliahidi."

Gedow akakohoa. Alisogea hatua moja kuelekea kwa punda, mkono umeanza kunyooka kwa mazoea. Nurto alimtazama tu. Mwenyekiti akaushusha mkono, akasema innalillahi, akaondoka.

*

Wanawake walikuja, wakakaa, wakalia nao, wakaondoka wawili wawili, kila mmoja na kikombe cha mtama chini ya mtandio, kwa kuwa Nurto hakuweza kumnyima mtu siku hiyo na kwa kuwa sote tulikuwa na watoto. Sioni haya kusema kwamba na mimi nilipokea.

Jua lilipopungua Nurto alikuwa bado amekaa, mgongo kwenye magunia, mikono mapajani. Hata punje ya kupika hakuichota. Ni Owliyo aliyeinuka. Alikwenda kwa kupapasa mpaka kwenye gunia lililofunguliwa, akachota mtama kwa mikono miwili, akaunusa. Akaubeba hivyo hivyo mpaka kwenye kinu cha jirani. Tulimsikia akitwanga. Alitwanga bila kuimba, na sisi kwetu mwanamke hatwangi bila kuimba, tukawaziba watoto masikio.

Alipepeta. Akachemsha maji. Akakoroga uji mwepesi, mwembamba, kama wanavyofanyiwa watoto wachanga, maana alijua tumbo lililokaa tupu halishtuliwi. Kibandani kulianza kuwa giza, na mtu mmoja, sijui nani, kwa wema wake akanyoosha mkono kuwasha ile taa.

"Iache," Owliyo akasema. "Kuna moto."

Alimpakata mjukuu wake, akachovya kidole, akampaka mdomoni. Sahro akalamba. Akampaka tena. Akalamba tena. Kisha akachukua kijiko, na kijiko kikaingia na kikatoka kitupu, polepole, mara nyingi, na hakuna kilichorudi kwenye mkeka. Kikombe kikafika chini. Owliyo akangoja. Nurto pale alipokaa alikuwa ameinua kichwa.

Mtoto alikiangalia kikombe.

"Niongeze," akasema.

Owliyo akabaki na kijiko hewani. Hakuthubutu kugeuza uso upande wa mkwewe, wala kumtuma mtoto amwambie kitu. Alikaa hivyo mpaka uji uliokuwa kwenye sufuria ukaanza kuganda juu.

"Mama," Nurto akamwita. "Mwongeze."